Kyalami ni lami ya nani? Maswali yenu na majibu

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kama Afrika ishawahi kuandaa langalanga, yani hizi Formula One, nikamjibu kwa mistari miwili tu kwamba ndiyo, na uwanja uliobeba mbio nyingi kuliko vyote unaitwa Kyalami uko Afrika Kusini, basi. Nikajua imeisha. Kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimeingia wiki nzima, wengine voisi za dakika tano tano, mpaka mhariri akasema ukurasa wa mwezi huu wote uwe wa Kyalami. Nimechukua maswali yaliyojirudia sana na nimeyaacha kama mlivyoandika, nimepunguza salamu tu.

Kaka habari za kazi. Hilo jina Kyalami mbona lina lami ndani yake? Ni Kiswahili chetu kimesafiri mpaka huko au bahati tu? Wanafunzi wangu wameniuliza nikakosa jibu. (Mwalimu, Tabata Segerea)

Salama dada mwalimu. Ni bahati, ila bahati tamu kweli. Jina limetoka kwenye Kizulu, ikhaya lami, maana yake nyumbani kwangu. Hiyo lami yao siyo ya kumwaga barabarani, ni neno la kusema yangu. Ila nusu ya kwanza ndo ndugu yetu kabisa, ikhaya ni kaya, ileile ya mkuu wa kaya, ileile ya kaya maskini za TASAF. Kwa hiyo ukiwaambia watoto Kyalami ni "kaya yangu" hujakosea hata nukta.

Sehemu yenyewe ipo kati ya Johannesburg na Pretoria, siku hizi wanaiita Midrand, zamani ilikuwa mashamba na nyasi. Uwanja ulijengwa 1961 na mwezi wa 11 mwaka huohuo ikapigwa mbio ya saa 9 mfululizo, madereva wanapokezana usukani. Desemba yakaja magari ya langalanga yenyewe kwenye mbio ya kirafiki iliyoitwa Rand Grand Prix, akashinda Jim Clark wa Scotland na Lotus yake. Shikilia hilo jina la Clark, litarudi. Kabla ya hapo wenzetu walikuwa wanakimbizana East London, mji wa baharini kule kusini, tangu 1934, na ubingwa wa dunia ulifika hapo East London 1962, 1963 na 1965. Kyalami ikaupokea 1967.

Ila nikwambie ukweli mwalimu, hilo "nyumbani kwangu" limenikaa kichwani tangu nimeanza kufuatilia habari za uwanja huu, maana swali linakuja lenyewe, kwangu mimi nani? Tutalikuta chini kwa mzee wa Magomeni.

Ni mara ngapi sasa, tupe hesabu kamili tumalize ubishi hapa kijiweni. (Wadau wa Sinza)

Haya. Morocco mara moja, 1958, kwenye barabara za Ain-Diab pale Casablanca, alishinda Stirling Moss. East London mara tatu. Kyalami mara 20, yani 1967 mpaka 1980 bila kuruka mwaka, 1982 mpaka 1985, alafu 1992 na 1993. Mbio ya 1981 ilikimbiwa lakini haikuhesabiwa kwenye ubingwa sababu wakubwa wa mchezo walikuwa kwenye ugomvi wao wa madaraka. Jumla Afrika nzima ni 24. Aliyeshinda Kyalami mara nyingi ni Niki Lauda, mara tatu, 1976, 1977 na 1984. Msauzi aliyeshinda nyumbani ni mmoja tu, Jody Scheckter, 1975.

Shikamoo anko. Niko gereji Shauri Moyo. Nimeona klipu za kale za Kyalami, Renault za turbo zinawaacha wenzao kama wamepaki. Lakini viwanja vingine zilikuwa zinakufa njiani. Pale kulikuwa na nini? (Fundi kijana, Ilala)

Marahaba mwanangu. Hewa.

Mwaka juzi nilipanda na Noah kwenda msibani Mbeya, tupo saba na mizigo juu. Dar mpaka Morogoro gari inaitika vizuri tu, tumeshapita Iringa ikaanza uvivu, kila kilima nashusha gia, mguu upo chini mpaka mwisho na gari haiendi, nikajua plagi zimekwisha au pampu ya mafuta. Makambako nikasimama kwa fundi. Akafungua boneti, akaniambia nipige resi, akasikiliza kichwa kimeinama hivi, akafunga boneti akasema gari yako nzima, huku ni juu. Hakuchukua hata hela.

Ndo hivyohivyo Kyalami, ipo kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa nyepesi, kila pumzi injini inayovuta ina oksijeni pungufu, na bila oksijeni petroli haiungui yote, kwa hiyo injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu hata ikiwa nzima kama yai. Sasa turbo wewe unaijua kuliko mimi, ni feni inazungushwa na moshi wa egzosi alafu inasukuma hewa ndani ya injini kwa lazima, kwa hiyo yenyewe ule wepesi wa hewa haiumii nao sana. Wenzake wote wamepungukiwa nguvu, yeye anazo karibu zote. 1979 Jean-Pierre Jabouille alichukua nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio hapo Kyalami, na ndo ilikuwa mara ya kwanza gari ya turbo kuanza mbele ya wote. 1980 René Arnoux akashinda. 1982 Alain Prost na Renault hiyohiyo tairi lilipasuka katikati ya mbio, akajikokota mpaka kwa mafundi wakambadilishia, akarudi yupo nyuma huko, na bado akawapita wote akashinda. Na Oktoba 1983, mbio ya mwisho ya msimu, Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia wa kwanza kwa gari la turbo, Brabham yenye injini ya BMW, hapohapo Kyalami. Kwa hiyo ukiona mtu anasema turbo ilishinda dunia mwambie ilianza kujiamini kwenye hewa ya Midrand.

Mwanangu, nina miaka 74. Ujana wangu Dar hii ilikuwa imejaa wapigania uhuru wa kusini na Afrika Kusini tulikuwa hatuigusi, si mpira si riadha. Hao wa magari walipataje kwenda kule miaka yote hiyo? (Mzee wa Magomeni Mapipa)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelisoma mara nyingi na ndo limenifanya nikubali kuandika ukurasa mzima.

Tuweke tarehe pamoja tu mzee. Machi 21, 1960 polisi waliua watu 69 pale Sharpeville, watu waliotoka kupinga pasi, vile vibali ambavyo mtu mweusi alilazimishwa kutembea navyo. Mwaka uliofuata Kyalami ikafunguliwa. Olimpiki waliwafungia Afrika Kusini mlango kuanzia Tokyo 1964, FIFA ikawasimamisha na 1976 ikawafukuza kabisa. Sisi wenyewe 1976 tukagoma kwenda Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza kwa makaburu, na hapo Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu 1974, akabaki nyumbani. Tulilipa. Langalanga haikulipa. Machi 1976 walikimbia Kyalami, Juni 16 watoto wa shule wakapigwa risasi Soweto, na Machi 1977 walirudi Kyalami kama kawaida. Soweto na Kyalami zote ni Johannesburg hiyohiyo mzee, siyo mbali.

Kuna mbili zinaniuma zaidi. Ya kwanza ni 1979. Machi 3 Gilles Villeneuve alishinda na Ferrari, umati mkubwa. Aprili 6, yani mwezi mmoja na siku chache, Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru wa ANC, chama cha Mandela, alinyongwa Pretoria, barabara hiyohiyo ukiifuata kaskazini, akiwa na miaka 22. Sisi Tanzania jina lake tunalo, shule ya ANC pale Mazimbu Morogoro ikapewa jina lake na mpaka leo kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, pale inaitwa Solomon Mahlangu. Watoto wetu wanasomea kwenye madarasa yale.

Ya pili 1985. Julai serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari. Oktoba 18, Ijumaa asubuhi, wakamnyonga mshairi Benjamin Moloise hapo Pretoria, dunia nzima imeomba asinyongwe. Kesho yake, Jumamosi Oktoba 19, injini zikawashwa Kyalami. Safari hii mambo yalikuwa yameanza kuwa mazito, serikali ya Ufaransa ilishinikiza na timu zake mbili, Renault na Ligier, hazikwenda, na baadhi ya wadhamini walifuta nembo zao kwenye magari ili wasionekane wapo. Waliobaki wakakimbia, akashinda Nigel Mansell. Baada ya hapo mbio hazikuwekwa tena kwenye kalenda mpaka 1992, Mandela alishatoka gerezani.

Umeuliza walipataje kwenda. Hakuna aliyewazuia mzee, ndo jibu. Waandaaji walikuwa wanalipa, msimu ukianza huko Januari au Machi Ulaya ni baridi na Kyalami jua, hoteli nzuri, na shirikisho lao lilijisemea mchezo ni mchezo. Mimi magari nayapenda toka niko mdogo, mbio za Kyalami za zamani naangalia mpaka usiku wa manane, lakini siwezi kuziangalia bila kuona na watu ambao uwanja ule uliitwa nyumbani kwangu kwa lugha yao wakati wenyewe wanahitaji pasi kukaa mjini. Jina walichukua, wenyewe wakaachwa nje.

Kaka mambo, mimi bodaboda Mbagala Rangi Tatu. Kuna abiria alinisimulia dereva wa Kyalami aliyeingia kwenye moto kumtoa mwenzake, akasema jamaa alikuwa dereva wa pikipiki. Kweli au kamba? (Bodaboda)

Kweli kabisa, na ujivunie. Anaitwa Mike Hailwood, Muingereza, bingwa wa dunia wa pikipiki mara tisa kabla hajahamia kwenye magari. 1973, mbio bado changa kabisa raundi ya tatu, magari yakagongana, la Hailwood na la Clay Regazzoni wa Uswisi yakanasana na la Regazzoni likawaka, mwenyewe amezimia ndani na mkanda umefungwa. Hailwood akatoka kwake salama. Angeweza kukimbilia pembeni. Akarudi, akaingiza mikono kwenye moto anatafuta kifungo cha mkanda, ovaroli yake na yeye ikashika moto, akatoka akazimwa, alafu akarudi TENA mpaka wakamtoa mwenzake. Regazzoni alipona na majeraha madogo ya moto. Uingereza wakampa Hailwood nishani ya George, ile ya ushujaa kwa raia.

Lakini kaka ukiniuliza hadithi moja ya Kyalami ambayo kila mtu anayepanda chombo chochote angeijua nitakupa ya Machi 5, 1977, na siyo nzuri.

Gari la Renzo Zorzi wa timu ya Shadow liliharibika akalisimamisha pembeni, upande wa pili wa barabara ukitokea walipo mafundi, kwenye ule mnyooko mkubwa wa mbele ya jukwaa. Mafuta yanavuja, moto ukaanza, mdogo tu. Upande wa mafundi kulikuwa na mashali, wale vijana wanaosimama na bendera na mitungi ya kuzimia moto, wawili wakaamua kuvuka kwa kukimbia. Sasa shida ni kwamba ule mnyooko una mgongo, barabara inapanda kidogo alafu inashuka, kwa hiyo anayevuka upande ule haoni gari inayokuja na anayekuja haoni anayevuka mpaka amefika juu. Mashali wa kwanza akapita. Wa pili alikuwa Frederik Jansen van Vuuren, miaka 19, amebeba mtungi wa kilo kama 18 mikononi, na huwezi kukimbia haraka na kilo 18. Magari yakatokea kwenye mgongo. Hans Stuck aliyekuwa mbele akafanikiwa kumkwepa. Nyuma yake Tom Pryce, Mwelshi wa miaka 27, timu moja na huyohuyo Zorzi, anakuja spidi kama kilometa 270 kwa saa, hakupata nafasi ya kuona. Kijana akafa palepale, mtungi ukampiga Pryce kichwani na yeye akafa palepale, mguu ukiwa bado kwenye mafuta, gari likaendelea lenyewe mpaka kona ya Crowthorne likagonga la Jacques Laffite. Moto wa Zorzi haukudhuru mtu.

Mbio iliendelea. Lauda alishinda, ushindi wake wa kwanza tangu aungue vibaya Ujerumani mwaka uliotangulia, vipande vya gari la Pryce vimenasa chini ya Ferrari yake, na alipoambiwa kilichotokea furaha yote ikaisha.

Naandika jina la yule kijana kwa makusudi. Pryce anakumbukwa, vitabu vipo, kwao Wales wanamuenzi. Van Vuuren mara nyingi utasikia "mashali mmoja" tu. Alikuwa na miaka 19 akaona moto akaenda kuuzima. Hii kitu ya kuvuka barabara bila kuona mbele na mzigo mikononi hapa Mbagala tunaiona kila siku, ndo maana nimeirefusha.

Eti kuna jirani yetu wa huku kusini alikaribia kuwashinda wazungu wa Ulaya na gari kuukuu akaishiwa mafuta? (Msomaji, Kigamboni)

Ndiyo, na mwenyewe alikuwa mzungu pia, ila wa hukuhuku, John Love wa Bulawayo, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, enzi hizo Rhodesia. Ilikuwa mbio ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia Kyalami, Januari 2, 1967. Love alishakuwa na miaka 42, gari lake Cooper yenye injini ya silinda nne, lita 2.7, imejengwa kwa mbio fupi za Australia na New Zealand, na wenzake wana injini za lita 3. Kwa sababu mbio ya Kyalami ni ndefu, raundi 80, ikabidi waongeze matangi ya mafuta. Wale wakubwa wakaanza kufa mmoja mmoja, joto, injini, breki, Denny Hulme aliyekuwa anaongoza breki zikamgomea, na ghafla watu jukwaani wanaona anayeongoza ni wa nyumbani. Raundi baada ya raundi. Zimebaki chache kabisa, injini ikaanza kukohoa, mafuta hayafiki. Hakuwa na namna, akaingia kuongeza, akatoka yupo wa pili, na hapo ndo alipomalizia nyuma ya Pedro Rodríguez wa Mexico. Ushindi ule ndo ulikuwa wa mwisho kwa Cooper kwenye Formula One, na fikiria, wa kwanza na wa pili wote walikuwa kwenye Cooper.

Mwaka uliofuata Love huyohuyo akaingia Kyalami na gari limepakwa rangi za sigara za Gunston, na hapo ndo ilikuwa mara ya kwanza gari la Formula One kukimbia mbio ya ubingwa likiwa na rangi za mdhamini. Leo gari limejaa matangazo mpaka hujui rangi yake, lilianzia Kyalami Januari 1, 1968. Siku hiyohiyo aliyeshinda ni Jim Clark, ushindi wake wa 25, akavunja rekodi ya Juan Manuel Fangio ya ushindi 24. Mbio ya ubingwa wa dunia hakushinda tena, Aprili 7 akafa Hockenheim, Ujerumani, kwenye mbio ndogo ya Formula Two.

Sisi madereva wa daladala tukigoma tunaambiwa wahuni. Nimesikia na hao matajiri wa langalanga waligoma Kyalami. Waligomea nini? (Dereva, njia ya Gongo la Mboto)

Waligomea leseni kaka. Januari 1982 wenye mchezo walitoa fomu mpya ya leseni, ndani yake kuna vipengele vinamfunga dereva kwenye timu yake, hawezi kuhama anavyotaka, na hawezi kusema neno baya juu ya mchezo. Niki Lauda aliyekuwa ndo amerudi kutoka kustaafu akaisoma vizuri, akagundua wengi wamesaini bila kusoma. Akaungana na Didier Pironi, mkuu wa chama cha madereva. Alhamisi, siku ya mazoezi, wakawa wamekodi basi limesimama getini, kila dereva akifika anaambiwa panda. Karibu wote wakapanda, wakaenda hoteli ya Sunnyside Park Johannesburg, wakalala chumba kimoja magodoro yametandikwa chini, mabingwa wa dunia na vijana waliokuwa hawana hata mbio tatu, maana Lauda alijua wakitawanyika vyumbani watapigiwa simu na mabosi mmoja mmoja na asubuhi mgomo utakuwa umekufa. Chumbani kulikuwa na kinanda, Elio de Angelis wa Italia alikuwa anajua kupiga kama mwanamuziki kabisa, akawapigia. Kesho yake wakakubaliana na wakubwa, Jumamosi mbio ikakimbiwa, ndo ile ya Prost na tairi kupasuka niliyomwambia fundi wa Shauri Moyo. Baadaye wakapigwa faini, lakini vile vipengele vililegezwa. Ile akili ya magodoro ndo iliwaokoa, wangelala kila mtu kwake mambo yangekuwa mengine.

Uwanja bado upo? Langalanga itarudi? Na mtu wa kawaida kutoka Dar anaweza kwenda kuuona? (wengi mmeuliza hili)

Upo, ila siyo ule. Ule wa zamani ulikuwa na kilometa 4.1, na ule mnyooko mrefu na kona za Crowthorne, Barbecue na Jukskei viliuzwa vikajengwa, leo ni maofisi na majengo. Pale walipofia Pryce na Van Vuuren hakuna barabara ya mbio tena. Mwishoni mwa miaka ya 80 wakachora uwanja mwingine wakitumia kipande cha zamani, na ndo huo Mansell alishinda 1992 na Prost 1993, alafu kimya. 2014 uliuzwa kwa mnada wa hadhara, akaununua Toby Venter wa Porsche Afrika Kusini kwa randi milioni 205, watu walikuwa wanaogopa utageuzwa nyumba za kupangisha. Akaukarabati, sasa una kilometa 4.5, na 2019 ile mbio ya saa 9 iliyofungua uwanja 1961 ikarudi. Nilifurahi siku ile kama nimepata mtoto.

Kuhusu langalanga, 2025 FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, lilipitisha michoro ya kuuboresha ufike daraja la kwanza, ambalo bila hilo Formula One haiji. Michoro siyo mbio, hela ya kulipia mbio ni kazi nyingine na ni hela nyingi. Rwanda nao walitangaza Desemba 2024 wanataka. Mimi nataka Kyalami, na sifichi, kwa sababu safari hii jukwaani watakaa watu wote na mashali atakuwa mtoto wa Alexandra au wa Soweto, na jina la uwanja litakuwa linasomeka kwa lugha ya mwenyewe.

Kwenda unaweza kabisa. Pasipoti ya Tanzania inaingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza. Ukishuka Johannesburg, Kyalami ni upande wa kaskazini kama unaelekea Pretoria, teksi yoyote anapajua. Angalia kalenda yao kwanza, siku nyingi kunakuwa na shughuli za makampuni na huingii, nenda wikiendi ya mbio za kitaifa. Na mzee wangu wa Magomeni, umeniandikia mwisho wa barua yako kwamba mjukuu wako anasoma Johannesburg na anakuita kila mwaka ukatembee. Nenda mzee, mwambie akupeleke, na ukirudi niandikie umeona nini.